Yusef Lateef, mzee aliyerudi shule kwa kila chombo alichoshika

Watu wengi wanaomjua Yusef Lateef wanamjua kwa wimbo mmoja, na hata huo mmoja wameusikia kwanza kwa Nujabes, yule produsa wa Kijapani aliyeusampo (alikata kipande chake akakitumia kwenye wimbo wake), alafu siku moja YouTube ikawaletea ule wa asili, mada ya mapenzi ya filamu ya Spartacus, wakasikia ile sauti nyembamba inayolia puani wakaanza kuulizana kwenye komenti hiyo ni saksafoni ya aina gani. Sio saksafoni. Ni obo, chombo cha kupuliza cha okestra, na aliyeipuliza alikuwa mpiga tenori, saksafoni ya sauti nzito, kwa kazi yake ya kila siku, mtu wa bendi, mtu wa Detroit, ambaye wiki hiyo hiyo ungemkuta anapiga bluzi nzito ya tenori mpaka meza zinatikisika.

Nimekuwa namsikiliza sana mwezi huu nikasema wacha niandike, maana kwa Kiswahili sijaona mtu akimwandika vizuri, na mimi nina sababu zangu. Napuliza tenori kwenye bendi ya shughuli (harusi, send-off, hoteli zikituita) na Jumamosi nafundisha vijana, na kila nikianza na kundi jipya hakosekani mmoja ambaye baada ya miezi miwili ya alto (saksafoni ndogo kuliko tenori) ananiuliza mwalimu, lini naanza filimbi, lini naanza tarumbeta. Kwetu mtu anayepiga vyombo vingi anasifiwa kwa neno moja, kipaji. "Jamaa ana kipaji balaa, anapiga kila kitu." Sasa ukimfuatilia Lateef kwa makini unaona kitu kingine kabisa, unaona mtu anayelipa ada. Kila chombo alichoongeza kina mwalimu nyuma yake, au chuo, au fundi fulani aliyemuonyesha, na alikuwa anakubali kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi hata wakati jina lake limeshaandikwa kubwa kwenye jalada la albamu. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari yake, mengine yote yanafuata hapo.

Alizaliwa Chattanooga, Tennessee, tarehe 9 Oktoba 1920, jina lake William Emanuel Huddleston. Familia ikahamia Detroit mwaka 1925 yeye akiwa mtoto mdogo, baba akabadilisha jina la ukoo likawa Evans, kwa hiyo miaka yake ya mwanzo kwenye muziki alikuwa anaitwa Bill Evans (sio yule mpiga piano, msichanganye, na ingekuwa vurugu kweli kama angebaki na jina hilo). Saksafoni alianza akiwa na miaka 18, alto kwanza halafu akahamia tenori. Miaka 18! Nawaambia wazazi wanaoniletea mtoto wa miaka 15 na wasiwasi kwamba amechelewa.

Detroit ya wakati ule ilikuwa ni viwanda vya magari na muziki. Ukisoma orodha ya waliotoka pale unachoka, Milt Jackson, Kenny Burrell, Barry Harris, Paul Chambers, Tommy Flanagan, ndugu wa familia ya Jones, na wote hao walikuwa wanajuana, wanakutana kwenye nyumba za watu kufanya mazoezi. Lateef akaingia barabarani na bendi kubwa za wakati huo miaka ya 40, na mwaka 1949 akaingia kwenye okestra ya Dizzy Gillespie, yule mpiga tarumbeta, ambayo kwa kijana wa wakati ule ni kama umefika kileleni. Lakini hakukaa. Mwaka 1950 akarudi Detroit, mke wake alikuwa mgonjwa, na ndio kipindi hicho akajiandikisha Wayne State University kusoma utunzi na filimbi. Filimbi yenyewe aliambiwa na Kenny Burrell, yule mpiga gitaa, kwamba hebu ongeza filimbi kwenye bendi yako, na jibu lake Lateef halikuwa kununua filimbi akaanza kuhangaika nayo jukwaani, akaenda darasani.

Na ni wakati huo pia akaingia kwenye Uislamu, kupitia Ahmadiyya, akawa Yusef Abdul Lateef. Hakuwa peke yake, wanamuziki wengi weusi wa Marekani wa kizazi hicho walipita njia hiyo, Art Blakey, Ahmad Jamal, Sahib Shihab. Ahmadiyya ndio hao hao waliochapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili Nairobi mwaka 1953, kwa hiyo sio watu wageni kwetu, na naomba hapo chini tusianzishe malumbano ya madhehebu tafadhali, tunaongelea muziki. Ninachotaka kusema ni kwamba kuanzia hapo masikio yake yakageukia mashariki, na kwa wakati wake hiyo ilikuwa mapema sana, kabla ya wanamuziki wa pop wa Uingereza kugundua sitar, kile chombo cha nyuzi cha Wahindi.

Sasa hapa kuna kipande nakipenda. Miaka ya 50 alikuwa na familia ya kulisha na muziki wa usiku haukutosha, akafanya kazi kiwandani Chrysler. Huko kiwandani kukawa na mfanyakazi mwenzake mtu wa Syria, wakawa wanaongea muziki, huyo Msyria ndiye aliyemuelezea rababu, kile chombo cha nyuzi cha Waarabu kinachopigwa kwa upinde, na baadaye mpiga besi wake Ernie Farrow akawa anaipiga kwenye rekodi. (Ernie Farrow huyu ni kaka wa mama mmoja na Alice Coltrane, Detroit ni kijiji.) Yaani mtu mwingine angeenda kwenye maktaba, yeye alipata somo kwenye laini ya kuunganisha magari. Mwaka 1957 akaanza kurekodi kama kiongozi wa bendi kwa kampuni ya Savoy, na kwenye albamu ya Jazz Mood tayari unasikia arghuli, ile filimbi ya Misri ya mianzi miwili pamoja, mmoja unapiga wimbo na mwingine unakaa kwenye sauti moja tu unavuma chini yake bila kuacha. Piga picha uko kwenye baa Detroit mwaka 1957 umekuja kunywa bia yako baada ya shifti, jamaa wa tenori anaweka tenori chini anatoa hicho kitu.

Alafu obo. Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndipo wasiopuliza hawaelewi ugumu wake, wanadhani ukijua kupuliza kimoja umejua vyote.

Filimbi haina ridi kabisa, unapuliza hewa ikatwe kwenye ukingo wa tundu, nusu inaingia nusu inapotea, kwa hiyo inakula pumzi vibaya sana, ukianza unasikia kizunguzungu. Saksafoni ina ridi moja, kipande kimoja cha mwanzi kimefungwa kwenye mdomo wa chombo, mdomo wako wa chini unakuwa mto wake, unatakiwa ulegee kiasi, ukibana inabanwa na sauti inakonda. Obo ina ridi mbili nyembamba zimefungwa uso kwa uso, tundu katikati yake ni dogo kama ufa wa mlango uliofungwa vibaya, hewa inayopita ni kidogo mno, na shida yake sio kuishiwa pumzi, ni kinyume. Pumzi inabaki. Unamaliza mstari wa wimbo kifua bado kimejaa hewa iliyochoka, inabidi kwanza uitoe ndio uvute mpya, na yote hayo kwenye nafasi ya robo ya pigo. Na midomo unaikunja ndani juu ya meno, ya juu na ya chini, unabana. Sasa mtu huyo huyo, mdomo huo huo mmoja aliopewa na Mungu, anatoka kwenye tenori anaenda obo anarudi filimbi ndani ya seti moja. Vidole ndio usiseme, vidole vinafanana fanana, vidole sio tatizo. Tatizo ni mdomo.

Niliwahi kushikishwa zumari Mombasa, Mji wa Kale, kwenye harusi ya upande wa mama yangu, nikamfuata mzee aliyekuwa anaipiga wakati amekaa pembeni anakunywa kahawa. Zumari nayo ni ridi mbili, ukoo mmoja na obo, na shenai ya Wahindi pia iko humo humo (Lateef aliipiga pia). Nikamwamkia, akaniuliza we wapuliza nini, nikasema saksafoni, akacheka, "ile ya chuma? Haya, hebu tuone." Nikapuliza ikatoka sauti ya bata anayenyongwa, watoto wakaanguka kicheko. Akanirekebisha kwa kunishika mashavu kwa vidole, kweli kweli, akanibonyeza, "haya yajaze, usivute kwa mdomo, vuta kwa pua, mashavu yasilale mwanangu." Yaani hewa unaiweka akiba mashavuni, unaikamua kwa mashavu huku pua inavuta nyingine, sauti haikatiki dakika kumi. Ukienda na mbinu hiyo kwa mwalimu wa obo wa okestra atakufukuza, huko mashavu yanatakiwa yatulie. Ridi mbili hapa, ridi mbili pale, na ni shule mbili tofauti.

Ndiyo maana naheshimu kwamba Lateef alipotaka obo, mwishoni mwa miaka ya 50, alienda kwa mpiga obo wa Detroit Symphony Orchestra akajifunza kwake. Kwa wakati huo ameshatoa albamu kadhaa. Angeweza kabisa kuipiga hovyo hovyo kwa ajili ya rangi tu, watu wangeshangilia, jazi ilikuwa haina wapiga obo wa kumlinganisha nao.

Matokeo yake ndiyo Eastern Sounds. Ilirekodiwa siku moja, tarehe 5 Septemba 1961, studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, Barry Harris kwenye piano, Ernie Farrow besi na rababu, Lex Humphries drams. Albamu inaanza na The Plum Blossom, na humo hapigi tenori wala obo, anapiga filimbi ya Kichina ya udongo, ya duara, inaingia kwenye kiganja, na ina sauti tano tu. Tano! Mtu anayeweza kupiga kodi (chords) zote za dunia kwenye tenori anakaa ndani ya sauti tano, na wimbo una swingi mpaka bega linacheza lenyewe. Nawapigia wanafunzi wangu huu wimbo siku wanapolalamika kwamba bado hawajui noti za juu. Halafu inakuja Blues for the Orient, bluzi kwa obo, na hapo nyanya yangu aliposikia aliuliza kama kuna harusi. Nadhani bibi alisikia sawasawa kuliko wachambuzi.

Wengine wanasema albamu hiyo ni mashariki ya Hollywood, mashariki ya kubuni, na kwenye nyimbo za filamu siwezi kubisha sana maana ndio zilikotoka, Spartacus na ile nyingine ya The Robe. Lakini sikiliza anavyopiga, hakuna mapambo ya kijinga, anakwenda polepole, mtu anayetaka kukuuzia mashariki ya sinema angekuzungushia mapambo.

Miaka aliyokuwa kwenye bendi ya Cannonball Adderley, yule mpiga alto, naipita haraka, 1962 mpaka 1964, bendi ikawa ya watu sita kwa sababu yake, Nat Adderley, Joe Zawinul, Sam Jones, Louis Hayes. Ni bendi ya furaha, wamezunguka Ulaya na Japani. Kwenye rekodi ya Tokyo ya 1963, Nippon Soul, kuna wimbo wake wa Brother John, ametungia rafiki yake John Coltrane, mpiga saksafoni, anaupiga kwa obo, na hiyo obo inalia kwa nguvu ambayo sijui aliipata wapi kwenye kile kitundu. Kwangu mimi hiyo ndiyo solo yake bora ya obo kuliko ya Spartacus. Najua nitapigwa mawe.

Coltrane mwenyewe alikuwa anamheshimu sana kwenye mambo ya kusoma, walikuwa wanabadilishana vitabu na mawazo. Ule mchoro maarufu wa Coltrane wa duara la noti, wenye namba na mistari kama nyota, mnauona kila siku kwenye mitandao na maelezo ya ajabu ajabu chini yake, aliuchora akampa Lateef, na Lateef ndiye aliyeuweka kwenye kitabu chake cha skeli (ngazi za noti), Repository of Scales and Melodic Patterns, kilichotoka 1981. Kitabu hicho ni kinene na ni kikavu, hakuna hadithi humo, skeli tu na mifumo ya kufanyia mazoezi, kurasa baada ya kurasa, kutoka kila kona ya dunia na nyingine ametunga mwenyewe.

Sasa sikilizeni sehemu ya shule. Amefika New York mwaka 1960, anarekodi, anafanya kazi na Mingus mpiga besi, na Olatunji mpiga ngoma, na Cannonball, baadaye ana mkataba na kampuni ya rekodi ya Impulse halafu Atlantic. Na muda wote huo, ukiondoa safari, ni mwanafunzi wa Manhattan School of Music. Digrii ya kwanza anaipata 1969, anakaribia kufikisha miaka 49. Masta ya elimu ya muziki 1970. Alafu udaktari wa elimu, University of Massachusetts Amherst, 1975, miaka 54, na utafiti wake ulihusu elimu ya Magharibi na elimu ya Kiislamu. Nikiangalia albamu alizotoa kati ya hapo, The Blue Yusef Lateef, Yusef Lateef's Detroit, The Gentle Giant, najiuliza huyu mtu alikuwa analala saa ngapi. Mimi nikiwa na shughuli mbili wikiendi moja Jumatatu siamki.

Na hakusoma peke yake, hapa ndipo ualimu unapoanza kwa maoni yangu, kabla hata ya cheti. Bendi yake ya miaka ya 70 ilikuwa na Kenny Barron piano, Bob Cunningham besi, Albert Heath drams, na Lateef akawa anawasukuma waende chuo, watu wazima wanamuziki wenye majina. Kenny Barron alikuwa hana digrii, akarudi shule kwa sababu ya kiongozi wake wa bendi, akamaliza, na Barron mwenyewe alifundisha chuo kikuu cha Rutgers kuanzia 1973 mpaka 2000, akapitishia mikononi mwake kizazi kizima cha wapiga piano. Pia aliwataka wanabendi watunge, kila mtu alete wimbo wake, hakutaka watu wa kumsindikiza tu. Mmewahi kuona kiongozi wa bendi kwetu anayewaambia wanabendi nendeni mkasome? Mimi nilivyozoea kiongozi akikuona na kitabu anahisi unataka kuanzisha bendi yako.

Kwa upande wa kufundisha rasmi, alianza Manhattan School of Music yenyewe mwaka 1971 na mwaka uliofuata akawa pia Borough of Manhattan Community College, mpaka 1976. Na somo lake hakuliita jazi. Hilo neno alilikataa maisha yake yote, alisema kamusi zinaliunganisha na mambo machafu na ya kipuuzi, hakuona kwa nini alichokisomea miaka yote kiitwe hivyo. Akabuni lake, muziki wa otofiziosaikiki, akimaanisha muziki unaotoka kwenye mwili, akili na roho ya mtu mwenyewe. Kusema ukweli neno hilo halikushika, hata wanafunzi wake nadhani lilikuwa linawavunja taya. Kwetu jazi ilishakuwa jina la bendi tu, Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, magitaa na mdomo wa bata na watu wanacheza, hakuna aliyetukanwa, kwa hiyo huo ugomvi wake naufahamu kwa kichwa zaidi kuliko kwa moyo. Ila nilipenda msimamo. Na msimamo mwingine, kuanzia 1980 akasema hapigi tena mahali panapouzwa pombe. Hebu fikiria kwa mwanamuziki wa jazi hiyo inamaanisha nini, karibu kila klabu imefungwa, kinachobaki ni kumbi za konsati na vyuo. Mimi nikisema hivyo leo nabaki na kipaimara na maulidi tu.

Alafu mwaka 1981, mzee wa miaka 60, daktari, profesa, anafunga mizigo anaenda Nigeria. Zaria, Ahmadu Bello University, mtafiti kwenye kituo cha utamaduni, akakaa mpaka 1985. Na alienda kufanya nini? Alienda kujifunza filimbi. Sarewa, filimbi ya Wafulani, ya wachungaji wa ng'ombe, unaipuliza ukingoni, matundu machache, haina ridi haina vibonyezo, na sauti yake ina upepo ndani, unasikia pumzi ya mtu kabla hujasikia noti. Ndio chombo cha kijana anayechunga. Mtu aliyemaliza filimbi ya chuma ya konsavatori New York anakaa chini kujifunza hiyo. Kutoka huko ana albamu ya In Nigeria, 1983, pamoja na wanamuziki wa pale, sio rahisi kuipata lakini itafuteni.

Waafrika wengi tunapenda kuwaonea wivu au kuwasema Wamarekani weusi wanaokuja bara "kutafuta mizizi", wanakaa wiki mbili wanavaa batiki wanaondoka. Lateef alikaa miaka minne akifanya kazi ya mshahara kwenye chuo cha Afrika na sijasikia akijitangaza nayo.

Aliporudi akafundisha University of Massachusetts Amherst na vyuo jirani mpaka 2002, akaishi karibu na hapo, Shutesbury, kijiji cha msituni. Chuo hicho kilikuwa pia na Max Roach, mpiga drams, na Archie Shepp, mpiga saksafoni, yaani mtoto wa mwaka wa kwanza anachagua kozi anamkuta Max Roach. Mwaka 1987 akatoa Yusef Lateef's Little Symphony, vyombo vyote anapiga mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, na ikapata Grammy mwaka uliofuata, kwenye kundi la, ngoja, New Age. Mtu mmoja kakataa kuitwa jazi miaka arobaini, wanampa zawadi ya muziki wa kufanyia masaji. Nadhani alicheka.

Sio kila kitu chake ni dhahabu, niseme tu. Albamu za Atlantic za katikati ya miaka ya 70 nyingine zina magitaa ya umeme na sinthesaiza zilizozeeka vibaya, The Doctor Is In... and Out nimejaribu na imenishinda, na zile za lebo yake ya YAL aliyoianzisha 1992 ni nyingi mno, nyingine zinahitaji mtu mwenye subira ya mvuvi. Ila hata kwenye zile mbovu kuna dakika mbili anapuliza filimbi ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe unasamehe.

Alipewa heshima ya NEA Jazz Master mwaka 2010, heshima kubwa kabisa ya serikali ya Marekani kwa muziki huo aliokataa kuuita hivyo, na aliipokea kwa adabu. Alikuwa bado anafanya konsati na Adam Rudolph, mpiga ngoma aliyekuwa naye tangu mwishoni mwa miaka ya 80, mzee amekaa kwenye kiti na filimbi zake zimepangwa mezani mbele yake. Alifariki nyumbani Shutesbury tarehe 23 Desemba 2013, miaka 93.

Kuhusu yule kijana anayeniuliza lini aanze filimbi, jibu langu siku hizi ni kwamba aanze siku akipata mwalimu wa filimbi, na mimi sio huyo, mimi filimbi naipiga ya kuombea maji. Kwa Dar walimu wa filimbi wazuri ni wachache na wengi wako kwenye kwaya na bendi za jeshi na polisi, wanafundisha wakiombwa vizuri. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, pale unaweza kukaa na watu wa taarab. Obo sijui hata nikushauri nini, chombo chenyewe ni ghali, ridi zenyewe wapiga obo wanachonga kwa kisu nyumbani, ningekuwa na umri wako ningeenda Lamu au Mombasa nikashike zumari kwanza, nibonyezwe mashavu.

Mkitaka kuanza kumsikiliza msianze na Spartacus, mtabaki hapo hapo. Anzeni na The Plum Blossom, alafu Brother John ya Tokyo kwa sauti kubwa, alafu Jazz Mood usiku ile arghuli isikike vizuri, na mkifika In Nigeria nipigieni simu tusikilize wote. Na kama kuna mtu anajua anayeuza kile kitabu cha skeli hapa Dar, cha karatasi, sio PDF maana PDF ninayo na imenishinda kuisoma kwenye simu stendi ya muziki ikiwa inatikisika, aniandikie, bei tutaelewana.